Pikapu ya Kikundi: Mawaya Kwanza, Kompyuta Baadaye

(Mazungumzo ya fundi wa stima ya magari kwa maofisa na madereva wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliosimama pale mlangoni, njooni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya gari kuukuu na mitambo mipya. Swali limeletwa na kikundi kimoja cha maziwa. Pikapu yao ni Peugeot 504 ya petroli, ile yenye kabureta na pointi. Inakunywa mafuta, taa zake ni hafifu kama koroboi, na asubuhi ya baridi inakataa kuwaka huku maziwa yanangoja kwenye madebe. Fundi mmoja wa mjini amewaambia watoe kabureta, waweke injekta na kompyuta, na shida zote zitaisha. Pesa anazotaka ni karibu akiba yao yote ya mwaka. Wanauliza, wampe au wasimpe?

Nitawajibu, lakini mnivumilie kidogo, kwa sababu jibu linaanzia mahali ambapo fundi huyo hakupataja.

Gari lenyewe si la kudharau. 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, pikapu yake ikafuata mwaka 1979, na kwa miaka mingi zilikuwa zikiunganishwa hapa hapa Kenya. Wazee waliopo wanakumbuka Safari Rally ya 1975, Ove Andersson aliposhinda na 504, na ile ya 1978 aliyoshinda Jean-Pierre Nicolas. Chuma chake ni kizuri mpaka leo. Kinachozeeka ni kile tusichokitazama, yaani mawaya. Plastiki ya waya iliyo karibu na injini inapikwa kila siku mpaka inakuwa ngumu kama ganda la yai, halafu inapasuka. Shaba ya ndani inaingia maji na kugeuka kijani. Juu ya hayo, kila fundi aliyewahi kulishika gari hilo ameongeza waya wake: huyu wa redio, yule wa taa ya nyuma, mwingine wa honi ya kuita wateja. Ukifungua chini ya dashibodi utadhani ni kiota cha kunguru.

Sasa sikilizeni hesabu ndogo, hata Mama Mweka Hazina ataipenda. Balbu ya taa kubwa ni wati 60. Ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea 5. Taa mbili ni ampea 10. Katika magari mengi ya zamani ampea hizo zote zinatoka kwenye betri, zinapita kwenye swichi ya dashibodi, halafu zinarudi mbele tena kwenye taa. Njia ni ndefu, waya ni mwembamba, na kila kiungio kina kutu. Volti moja na nusu ikipotea njiani, taa haipunguki kidogo tu. Mwanga wake unashuka kwa karibu theluthi moja. Dereva analaumu balbu, anaenda kununua balbu kubwa zaidi, na hiyo inavuta stima nyingi zaidi kwenye waya ule ule uliochoka. Hapo ndipo plastiki inaanza kunuka.

Stata ni hivyo hivyo. Inavuta ampea 150 au zaidi. Kiungio kikiwa na ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, tayari kimekula volti moja na nusu. Kwa hivyo asubuhi injini inazunguka kwa uvivu na cheche ya plagi ni dhaifu, na watu wanasema kabureta imeharibika.

Ndiyo sababu nasema tusikimbilie kompyuta. Shida mbili kati ya zile tatu za kikundi hiki, yaani taa na kuwaka asubuhi, ninazishuku mawaya kabla ya kitu kingine chochote. Na kabla ya kumlipa mtu hata shilingi, mnaweza kupima wenyewe kwa mita ya kawaida, ile ndogo ya betri inayouzwa kwenye maduka ya redio.

Washa injini na taa kubwa. Weka mita kwenye volti. Waya mwekundu wa mita shika kwenye teminali ya betri ya kujumlisha, ile mweusi ufikishe nyuma ya balbu mahali stima inapoingia. Mita inakuonyesha kiasi kilichopotea njiani. Kikizidi nusu volti, waya una shida. Halafu pima upande wa ardhi: mguu mmoja wa mita kwenye teminali ya kutoa, mguu mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako azungushe stata. Mtoe kwanza waya wa koili ili injini isiwake mikononi mwenu. Ukiona zaidi ya sehemu tatu za kumi za volti, ule mkanda unaounganisha injini na bodi umekufa au umekaa juu ya rangi na kutu. Mkanda huo ni wa bei ndogo sana. Kuna magari yamebadilishiwa stata mbili kwa sababu yake.

Kama vipimo ni vibaya kila mahali, basi dawa ni kutengeneza upya fungu lote la mawaya. Hii ni kazi ya mikono na ya subira kuliko ya pesa, na vijana wenu waliosoma katika vyuo vya ufundi wanaiweza wakiwa na msimamizi. Nitaeleza namna inavyofanywa, kwa sababu nimeona ikifanywa ovyo.

Fungua betri, ukianza na upande wa kutoa. Usikate fungu la zamani. Litoe zima zima, ukibandika karatasi yenye namba kwenye kila kichwa cha waya kabla ya kukichomoa. Lilaze juu ya ubao mkubwa wa plywood kama lilivyokuwa ndani ya gari, na matawi yake yote. Piga misumari kufuata umbo lake. Sasa ubao huo ndio ramani yenu. Kwenye daftari chora kila waya: unatoka wapi, unaenda wapi, rangi gani, urefu gani, unabeba ampea ngapi. Hapo ndipo mtagundua waya nne au tano zisizoenda popote. Hizo msizirudishe.

Waya mpya uwe wa gari, wenye nyuzi nyingi laini. Tafadhali msinunue waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu. Nyumba haitingishiki. Gari linatingishika kutwa, na uzi mmoja ukipindwa na kunyooshwa mwishowe huvunjika ndani ya plastiki, mahali ambapo huwezi kuona. Kwa taa kubwa tumia milimita mraba 2.5, kwa taa ndogo na saa za dashibodi 1 inatosha. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake maalum, siyo kwa meno wala kwa koleo la kung'olea misumari. Wengine wanapenda kulehemu kila mahali. Kulehemu ni kuzuri ndani ya redio, lakini kwenye injini inayotetemeka, waya hukatika pale pale risasi ya kulehemu inapoishia.

Kila waya unaotoka kwenye betri upite kwenye fyuzi, na fyuzi iwe karibu na betri, si kule ndani ya dashibodi. Ule waya mnene wa stata peke yake ndio kwa kawaida hauna fyuzi, kwa hivyo huo ulindwe sana usiguse bodi. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Taa zetu za ampea 10 tunazipa fyuzi ya 15. Ikiungua, tafuta sababu. Ile tabia ya kufunga fyuzi kwa karatasi ya sigara au kuweka msumari, jamani, pikapu hiyo inabeba watoto wa shule wakati mwingine, na bomba la petroli linapita hapo hapo chini ya boneti.

Ongezeni rilei mbili, moja ya taa kubwa na moja ya taa za chini. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku. Stima nzito inatoka kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye taa kwa njia fupi, na swichi ya dashibodi inabaki na kazi ya kuamsha rilei, ambayo haifiki hata nusu ampea. Katika yote nitakayosema leo, sijui badiliko lingine linalolipa haraka kama hili kwa gari la usiku.

Waya ukipita kwenye tundu la bati, tundu livikwe pete ya mpira. Usipite karibu na bomba la eksozi. Penye ardhi, kwaruza rangi mpaka chuma king'ae, kaza bolti, halafu paka grisi juu. Na mwangalie panya. Pikapu ikilala karibu na ghala la mahindi, panya wanatafuna waya hata ukiwa mpya wa jana.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Vikundi vingi vingefanya vizuri kukomea hapo kwa mwaka mzima na kuangalia kama bado kuna haja ya kuendelea.

Hatua ya pili ni ndogo: kuondoa pointi. Pointi ni vile vibati viwili ndani ya distribyuta vinavyofunguka na kufunga ili koili itoe cheche. Vinaungua, nafasi yao inabadilika, na cheche inakuja kwa wakati usio wake. Siku hizi kuna kifaa kidogo cha sumaku kinachokaa mahali pa pointi ndani ya distribyuta ile ile. Hakigusani na kitu, kwa hivyo hakiliki. Ila mwangalie jambo moja. Baadhi ya koili za zamani hazikutengenezwa kupokea volti 12 kamili wakati wote. Zilikuwa na waya maalum wa ukinzani, au kijiwe cha ukinzani, kabla yake. Ukitupa waya huo pamoja na fungu la zamani, koili itachemka na kufa. Basi soma karatasi ya kifaa kabla ya kufunga. Na pointi za zamani pamoja na kondensa yake zifungeni kwenye mfuko, zikae ndani ya gari. Kifaa kikifa njiani, dereva anaweza kurudisha pointi kwa bisibisi akaendelea na safari. Kama mlikuwa mmeziweka nyumbani, mtavutwa kwa kamba.

Sasa kompyuta. Sitaki mfikiri kwamba naipinga. Kabureta inachanganya petroli na hewa kwa kufuata matundu yaliyochongwa kiwandani, na matundu hayajui gari liko wapi. Fikirini pikapu inayobeba viazi kutoka Kinangop mpaka Mombasa. Kule juu, karibu mita 2,500, hewa ina uzito wa kama robo tatu tu ya ile ya pwani. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa ikifika Kinangop inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi zinaingia masizi na moshi mweusi unatoka. Ukiirekebisha kule juu, ikiteremka pwani injini itakosa petroli ya kutosha na kupata moto. Kompyuta ina sensa ya kupima hewa, nyingine ya joto la maji, nyingine ya mahali kanyagio lilipo, nyingine ya mzunguko wa injini. Kwa habari hizo inafungua injekta kwa muda unaohitajika tu, mara nyingi kwa kila sekunde. Mlima kwake si kitu.

Kuna na sensa ya oksijeni inayokaa kwenye eksozi, inayoiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Zamani sensa hii isingedumu hapa kwetu, kwa sababu risasi iliyokuwa kwenye petroli inaiua. Lakini petroli ya risasi iliondolewa Kenya mwanzoni mwa mwaka 2006, kwa hivyo kizuizi hicho hakipo.

Basi kwa nini nasema mawaya kwanza? Chukueni sensa moja tu, ile ya joto la maji. Ni kipande kidogo ambacho ukinzani wake unapungua kadiri joto linavyopanda. Katika aina moja inayotumika sana, injini ikiwa baridi, digrii 20, ukinzani ni karibu omu 2,500. Ikifika digrii 60 ni kama 600. Ikifika 90, joto la kazi, ni kama 250. Sasa kiungio cha waya wa sensa hiyo kikiingia kutu na kuongeza omu 350, kompyuta itasoma 600 na kuamini injini iko kwenye digrii 60. Itafanya nini? Itaongeza petroli, kama mtu aliyeacha choki wazi, kutoka asubuhi hadi jioni. Gari linaenda, hakuna kilichoharibika, lakini linakunywa kuliko lilivyokuwa na kabureta. Kutu ile ile iliyokuwa ikipunguza mwanga wa taa sasa inadanganya mtambo unaoamini kila unachoambiwa. Fundi anayetaka kufunga kompyuta juu ya mawaya ya zamani, mkatalieni hata kama bei ni nzuri.

Na kompyuta haiji peke yake. Pampu ya kabureta inasukuma petroli kwa presha ya pauni 3 au 4. Pampu ya injekta inasukuma kwa pauni 43 hivi, zaidi ya upepo wa tairi la gari dogo. Mipira ya zamani ya petroli haiwezi presha hiyo. Inatakiwa mipira yake, vibanio vyake, chujio lake, na mara nyingi bomba la pili la kurudisha mafuta kwenye tangi. Pampu lazima iwe na rilei inayozimwa na kompyuta yenyewe injini ikisimama, ili gari likipinduka petroli isiendelee kurushwa. Muulizeni fundi swali hilo. Akisema amefunga pampu moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo, shukeni garini.

Njia ambayo mimi naiona ya busara zaidi, kama mmeamua, ni kununua injini nzima iliyotumika yenye injekta, pamoja na kompyuta yake yenyewe na fungu lake la mawaya ambalo halijakatwa. Wauzaji wengine wakitoa injini kwenye gari wanakata waya kwa msumeno ili wamalize upesi. Waya kama sitini zilizokatwa, na rangi zinazofanana, zitawala wiki kadhaa. Tena injini za miaka ya karibuni, kompyuta yake inatambua ufunguo wake. Bila ufunguo ule haiwashi. Mkinunua, uwashwe papo hapo mkiona. Mkibadilisha injini, namba mpya iandikishwe kwa NTSA ifanane na logbuku, na kampuni ya bima iarifiwe kwa barua.

Je, inalipa? Tuchukue mfano. Pikapu inayokwenda kilomita 20,000 kwa mwaka na kula lita 14 kwa kila kilomita 100 inatumia lita 2,800. Tuseme kompyuta imeokoa sehemu moja ya kumi. Hizo ni lita 280. Zidisheni kwa bei ya petroli ya wiki hii, mlinganishe na pesa anazotaka fundi, mtajua ni miaka mingapi. Lakini pikapu inayotoka siku za soko tu, kilomita 5,000 kwa mwaka, itaokoa lita 70. Kwa lita 70 sioni sababu ya kuvunja akiba.

Kwa hivyo jibu langu kwa kikundi cha maziwa ni kwamba wasimpe, si kwa mwaka huu. Gari lao linazunguka kijijini na kurudi, halipandi na kuteremka milima. Watengeneze mawaya, waweke rilei na mkanda wa ardhi, waondoe pointi, waisafishe kabureta na kuirekebisha kwa hewa ya hapa. Halafu dereva aandike lita na kilomita kila anapojaza, kwa miezi sita. Wenye pikapu ya kwenda Mombasa kila wiki, hao tukae tuzungumze.

Yeyote atakayepewa kazi, andikianeni. Malipo yawe kwa sehemu: sehemu ya vifaa mkiviona kwa macho, sehemu kazi ikiwa nusu, na ya mwisho baada ya gari kutembea wiki mbili likiwa na mzigo. Fundi awaachie mchoro wa mawaya wenye rangi na namba za fyuzi. Mchoro ukae kwa katibu na nakala iwe ndani ya gari. Asipowaachia mchoro, mtamtafuta yeye kila mara mpaka siku atakapohama.

Na gari likishakuwa na kompyuta, waambieni madereva mambo mawili. Kabla fundi wa kuchomelea hajagusa bodi, betri ifunguliwe na plagi ya kompyuta ichomolewe, maana stima ya kuchomelea inaweza kuiua. La pili, betri ikiisha njiani msikubali kuwashwa kutoka kwenye lori. Malori mengi ni ya volti 24. Kabureta na pointi zinaweza kuvumilia utani wa namna hiyo, kompyuta haivumilii.

Naona mikono mingi. Maswali tuyajibie nje. Pikapu ya akina mama iko chini ya mwembe, nimekuja na mita, na tutaanza na ule mkanda wa ardhi kabla jua halijawa kali.